Kidude Kwenye Mkono wa Wakonyo

Jumanne, 5 Agosti 2025

Hiki kitabu kilikuwa cha kuandika sukari ya Becky. Asubuhi ngapi, mchana ngapi, jioni ngapi. Miaka miwili naandika namba tu. Leo sista wa kliniki amesema nipumzike, mashine itajiandikia yenyewe. Karatasi tupu zimebaki nyingi. Siwezi kuzitupa. Wacha niandike yangu, hata kama niliachia darasa la saba.

Tulipanga foleni tangu saa kumi na mbili, na hii baridi ya Agosti. Watoto kumi na wawili tu ndio wamepewa na wafadhili. Ni kidude cheupe kama kifuniko cha soda. Kinabandikwa nyuma ya mkono, huku juu, na ndani kina kasindano laini kama unywele. Unaleta kisomaji karibu, kinakuonyesha sukari ni ngapi. Hakuna kudunga kidole. Kinakaa wiki mbili kisha kinakufa, unabandika kingine. Tumepewa kimoja mkononi na kingine kwa boksi.

Becky akasema, "Mami, haijauma." Ana miaka tisa na ncha za vidole ngumu kama za mtu wa kuchuna kahawa.

Sista aliuliza mkono gani. Nikasema kushoto, haraka hivyo. Hakuniuliza kwa nini. Lakini mimi najua. Ufunuo inasema alama ya mnyama hutiwa mkono wa kuume.

Jumatano, 6 Agosti

Shosho amekiona.

Shosho ni mamake Njau, babake Becky. Njau alituacha Becky akiwa na miaka minne. Mamake akabaki. Becky alipopatikana na sukari, yule mama akafunga nyumba yake Gitothua, akaja hapa Kiganjo na nguo zake na nyungu moja. Ndani ya nyungu ametia mchanga na maji, hapo ndipo insulini inakaa baridi, kwa sababu sina friji. Kudunga sindano alijifunza kwa machungwa. Hajui kusoma lakini namba anazijua. Mimi nikiwa kiwandani, yeye ndiye mikono yangu. Kuna siku sukari ilishuka mpaka mbili nikiwa kazini. Kama si yeye kumpaka sukari kwenye ufizi, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Alikuwa anamwogesha. Akauliza ni nini hiki. Nikamwambia. Akakausha mtoto pole pole, akampaka mafuta, akamvalisha, halafu ndio akaongea.

"Umemwandikisha."

"Maitu, ni dawa," nikasema. Maitu, yaani mama, ndivyo namwita.

"Dawa huingia na kutoka. Hii imekaa na inasoma namba. Wewe umesoma kunishinda, unajua ni nini imeandikwa."

Kisha akasema kitu ambacho kimenikaa kwa kifua siku nzima. Becky ndiye anaitwa yeye, Rebecca Wakonyo, jina lake lote kama lilivyo. Akasema, "Kwa hii nyumba kuna Wakonyo wawili. Ukimtia mmoja alama, umenitia na mimi."

Ijumaa, 8 Agosti

Mgongo. Makadamia haziishi kwenye ule mkanda wa kiwandani, siku nzima ni kutoa mbovu na kuacha nzuri mpaka macho yanaona mbovu kila mahali.

Saa ya chakula nilimwambia Nekesa, jirani yangu wa ploti, tunafanya naye kazi. Alicheka. Akasema huyo mnyama wenu Wakikuyu hana kazi, aache marais wote wa dunia afuate mtoto wa Kiganjo. Wamboi, mwenzetu wa kazini, naye alikuwa anasikiliza. Akasema hivyo ndivyo huanza, kwanza wagonjwa, kwanza watoto, kwa sababu ni nani atakataza. Kesho ni kila mtu, na bila hicho hununui hata kitunguu.

"Na sasa bila simu unanunua?" Nekesa akamwuliza. "Juzi ulirudisha nyanya kwa sababu simu ilizima."

"Simu unaiweka chini."

"Lini? Niambie siku."

Wakacheka. Halafu Wamboi akasema na hapa getini je, si tunaweka kidole kila asubuhi, na ni cha mkono wa kulia. Niliona kila mtu anaangalia dole gumba lake kama limebadilika.

Jumamosi, 9 Agosti

Alfajiri 5.8. Nimesoma kabla sijaomba. Sikukumbuka kuomba mpaka chai ilipochemka.

Jumapili, 10 Agosti

Tulienda Gitothua kwa ushirika wa akina Shosho. Sikutaka. Lakini alisema twende tukaulize, si kubishana, kuuliza tu.

Wanakutana sebuleni kwa mwinjilisti Ndegwa. Ni mtu mpole, si wale wa kupiga kelele. Njau alipoondoka, Ndegwa ndiye alituletea unga miezi mitatu, sijasahau. Alifungua Ufunuo kumi na tatu akasoma taratibu. Akasema zamani watu walijiuliza alama itawezaje kumfuata kila mtu duniani, sasa hakuna haja ya kujiuliza. Kuna kitu kinaingia mwilini, kinatoa namba, namba inaenda kwa mashine. Hakusema kwamba Becky ameshapotea. Alisema mlango ukifunguliwa kidogo ni umefunguliwa.

Mzee Philip akapinga. Yeye alikuwa fundi wa redio. Akasema akiwa kijana waliambiwa kitambulisho ndio alama. Baadaye ikawa ile mistari myeusi kwenye pakiti za bidhaa. Baadaye simu. "Sasa Ndegwa, hizo zote ziliitwa alama na wewe unazo mfukoni. Mnyama ana alama ngapi?"

"Anatuzoesha, mzee."

"Basi amekuzoesha wewe kwanza, maana sadaka tunakutumia kwa namba."

Watu walicheka, hata Ndegwa. Shosho hakucheka. Becky alikuwa amekaa chini kwa mkeka na sweta lake, anavuta mkono wa sweta ufike vidoleni. Hakuna mtu alimwambia auvute. Nikatamani kumbeba niende naye nyumbani kwa miguu.

Jibu langu lilinijia jioni nikiosha vyombo, kama kawaida yangu, watu wakishaenda. Yule wa Ufunuo analazimisha. Sisi hatukulazimishwa. Tulipanga foleni kwa baridi tukiomba tusikose.

Lakini hilo nalo linaweza kugeuzwa, kwamba tuliitaka wenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Shosho hakigusi kisomaji. Anamdunga kidole na ile mashine ya zamani, ila si mara tatu tena, anabana vipimo. Kwa hiyo mtoto anadungwa na kidude pia anacho. Vipimo vya kudunga, vile vijikaratasi vya mashine, vimebaki saba na kliniki hawana, wamesema labda mwezi ujao.

Akishamaliza kudunga anauliza bila kuniangalia, "Na hicho chako kinasema ngapi?"

Leo mashine yake ilisema 8.2. Changu 8.0.

"Shetani pia husema ukweli," akasema, akaenda kumwagilia nyungu.

Alhamisi, 14 Agosti

Shosho ameniambia. Nimetoka kazini, hata viatu sijavua.

"Hicho kinakufa Jumanne. Kikitoka, kisirudi. Kikirudi, mimi narudi kwangu."

Nikamwuliza na Becky atabaki na nani. Akasema hana hasira na mimi, nisije nikasema alienda na hasira. Begi lake liko nyuma ya mlango. Amelipanga tayari.

Nilimwonyesha mkono wake mwenyewe. Ana kovu la chanjo ya ndui, lile la duara la watu wa zamani. Nikasema maitu, hata hili si walisema ni alama? Aliniambia yeye mwenyewe, babake aliwaficha ndani ya kahawa siku ya kuchanjwa mpaka chifu akawapata. Aliligusa lile kovu kama amesahau liko hapo.

"Hili halikuongea," akasema. "Miaka sitini halijaniambia namba."

Nilichemsha viazi.

Nikikibandika, namkosa yeye, na bila yeye siendi kazini. Nisipokibandika, ninaye yeye, na vipimo vitano. Nimepiga hiyo hesabu mpaka imenichosha. Na kuna kitu kingine siwezi kumwambia mtu. Kama yeye ndiye yuko sawa? Mimi ni nani na darasa la saba langu? Asubuhi siamki nikisema asante Mungu, naamka nikisema ngapi. Kama kuabudu si hiyo, ni nini?

Jumamosi, 16 Agosti

Shifti ya Jumamosi. Nimerudi nikamkuta Shosho amekaa mlangoni, mikono mapajani. Yeye hakai hivyo.

Amenieleza mwenyewe bila kuulizwa. Mchana Becky alikuwa nje na watoto wa Nekesa, anawaonyesha lile kopo tupu ambalo sista alilitumia kumbandikia kidude. Wanaliweka kwa parachichi, wanabonyeza, wanacheka. Halafu akaja akalala kwa kiti. Shosho akadhani ni usingizi. Akamfunika na shuka.

Ni mtoto mkubwa wa Nekesa aliyekuja na kisomaji akakipitisha mkononi mwa Becky, mchezo tu. 2.7.

Walimpa sukari, akapata nafuu. Sasa ni 9, anakula, anaimba.

"Nilimfunika," Shosho akasema. "Nilimfunika vizuri kabisa."

Nilimwambia hata mimi ningedhani ni usingizi. Hajala.

Jumapili, 17 Agosti

Hakwenda Gitothua. Ndegwa amekuja hapa kutuombea. Nilimpikia chai ya tangawizi. Hakusema habari ya kidude kabisa, nadhani aliniona uso.

Alipomaliza kuomba Shosho akamwuliza swali. Nakumbuka kila neno.

"Mtoto mdogo akitiwa alama, na hajui, hajachagua. Siku ile dhambi itaulizwa kwa nani?"

Ndegwa akafikiria. Akasema mtoto hatahukumiwa kwa asichokijua. Ataulizwa yule aliyemtia.

"Si mtoto?"

"Si mtoto, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi," Shosho akasema. Akakunja ncha za shali.

Nilienda kusimama kwa mfereji nje. Kunishtaki mbele ya mgeni. Ndegwa anakunywa chai yangu na mimi ndiye nitaulizwa. Nilisugua sufuria safi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemwomba msimamizi wetu, Kitheka, kesho nisije. Amesema watatu wameomba mbele yangu. Hata hakuinua macho.

Basi ni hivi. Kidude kinakufa kesho saa nne asubuhi, nikiwa kwa mkanda. Nitarudi saa kumi na moja, nibandike kile kingine mimi mwenyewe. Shosho akienda, aende nimeona kwa macho yangu. Nimeweka boksi juu ya kabati. Sikulificha. Sitaki tufikie kufichana.

Vipimo viwili.

Jumanne, 19 Agosti

Saa kumi na moja na nusu jioni. Naandika haraka, nimekaa kitandani, pazia liko wazi.

Boksi halipo juu ya kabati.

Nimeangalia nyuma yake, chini yake. Halipo. Ndoo ya taka imemwagwa. Nyumba inanuka spiriti, lakini spiriti hunuka kila siku, ni ya sindano. Vipimo bado ni viwili. Hajamdunga leo, hata mara moja. Begi liko nyuma ya mlango na zipu imefungwa.

Shosho anamenya viazi. Nimemsalimia, "Maitu, mmeshindaje?" Akasema wameshinda vizuri. Ananimenyea viazi kama vile hakuna siku iliyopita. Kisomaji kiko mezani, kimelala kifudifudi. Ni kukigeuza tu. Becky yuko hapo nje, namsikia anaruka kamba, ana sweta lake jekundu. Ni kuinua mkono wa sweta tu.

Nimekaa.

Kama amelitupa, najua la kufanya. Nitalia, halafu nitaenda kliniki nilale mlangoni kwao. Hilo naliweza. Ni lile lingine, kama amekibandika yeye mwenyewe. Kuna mama hapo anamenya viazi ambaye anaamini, si kidogo, anaamini kama ninavyoamini kuna kesho, kwamba anayetia ndiye atakayeulizwa. Jumapili alimwuliza Ndegwa, kisha akamwuliza tena kama ana hakika. Mimi nikadhani swali ni langu.

Becky ameingia, anahema. Shosho hajageuka. Amesema, "Wakonyo, vua hilo sweta, jiko linawaka."

Becky amesimama hapo kwa mlango, ameshika mkono wa sweta. Hajaniangalia mimi. Anamwangalia yeye kwanza, kama mtu anayeuliza kama ni sawa mimi nione.