Mpaka wa Shamba la Mama Yako

Mlali, 1991

Mwanangu mpendwa Leokadia,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na ombi la radhi kwa kuchelewa kukuandikia.

Mjomba wako Patrisi aliniambia, "Shemeji, dada hayupo, hapa kwako finishi. Siku hizi kuuza ruksa." Nilifungua kamusi ya misheni. Neno hilo la Kiingereza lilitoka kwa Kilatini, "finis", yaani mpaka. Nilistaajabu: watu wa kale walipotaja mwisho, waliona ukingo wa shamba. Nikaenda kusimama kwenye masale ya mpaka aliyoyapanda mama yako, nikavua kofia.

Kwa desturi yetu Waluguru shamba hufuata ukoo wa mama, hivyo sasa ni lako. Nakuomba uniruhusu nibaki, karibu na kaburi lake.

Barua hii anakuletea mjomba mwenyewe. Nimemsomea yote.

Baba yako,
Wilhelmi