Tawi la Mshipa Lililoachwa

Swali ni lilelile: siku ile kule Lindi, nilimfasiria daktari ugonjwa wako, au hofu yako? Shikamoo, Baba. Najua marahaba haitarudi, lakini siwezi kuendelea kabla ya kukuamkia.

Daktari, mgeni asiyejua Kiswahili, alieleza wazi. Saratani ilikuwa upande wa kushoto wa utumbo mpana. Akiukata mshipa wa damu shinani, angeondoa na tezi zote zinazoufuata. Ila ncha za utumbo huenda zikakosa damu, na mshono usiopata damu haushiki. Hapo ingembidi akutoboe ubavuni, choo kitokee huko. Akiukata chini zaidi, akaliacha tawi la juu, damu ingefika na utumbo ungeungwa. Lakini tezi za shinani zingebaki, na hakuna aliyejua zimebeba nini.

Wewe ulisikia tundu tu. “Mwambie mimi si gunia la ufuta, la kuchomwa bambo ubavuni wanunuzi waonje! Nitasimamaje msikitini na najisi inanitiririka?”

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikayafasiri yote. Daktari akaliacha tawi.

Na mshono ulishika, Baba. Ulirudi Kivinje, ukala muhogo kwa papa, ukamfokea jirani yetu Mzee Athumani katika safu ya kwanza: “Sogea, mwenye nafasi karudi!” Ukafunga Ramadhani, na iliyofuata. Kisha uvimbe ukaota tena, palepale shinani, na safari hii daktari hakuwa na la kunipa nifasiri.

Baada ya arobaini yako nilimwendea maalimu wa msikiti wetu. Alinijibu kwa upole kwamba mgonjwa wa namna ile ana udhuru: hutia udhu kila wakati wa sala uingiapo, akasali kama alivyo. “Kwani hamkuniuliza, mwanangu?”

Hatukumuuliza. Tulimpelekea daktari swali la maalimu.

Tangu hapo hukaribia kujihukumu, halafu nikasita. Pengine ungeijua ruhusa hiyo na bado ungeikataa. Wewe uliyekiosha upya kikombe kilichokwisha oshwa. Pengine saratani ilikuwa imekwisha vuka mbali kabla ya kisu. Pengine, bila tawi lile, usingeiona hata Ramadhani moja. Mwili mmoja haupasuliwi kwa njia mbili ili mwana alinganishe. Ndiyo maana sijui, na elimu niliyoifuata hadi Kampala inanifikisha hapa tu, mlangoni.

Mizani yako ya ufuta anayo kaka. Bambo nimeliondoa dukani kwako. Siwezi kulitazama likizama guniani.

Juma lijalo nitamfasiria mama mmoja kutoka kijiji cha Sudi. Ugonjwa ni huohuo. Nakuahidi nitampitisha kwanza kwa maalimu, ndipo twende kwa daktari. Na atakalosema mama huyo nitalifasiri lote, hata lisiponipendeza.

Pumzika, Baba, katika rehema za Mola. Mama yule akichagua kama wewe, sitamzuia.

Binti yako