Jiwe Lililomlilia Mama Mkwe

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Sisi wazima, tena mimi nimenenepa kwa furaha! Mama, ndoa tamu! Mume wangu akitabasamu asubuhi, nasahau kutia sukari kwenye chai na wala sioni tofauti.

Kazini kwake anaotesha fuwele. Anayeyusha madini tanurini, anayapoza polepole wiki nzima mpaka yawe jiwe jeusi linalong'aa, dogo kama kipande cha sabuni. Mionzi ikiligusa, jiwe hutoa umeme kidogo na kifaa lilimofungwa hulia. Njoo utuone. Kiti chako kipo mezani.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti limenuna. Kuja siji. Mtu ashinde na mionzi, jioni akukumbatie? Siku ya harusi nilimwambia baba yako, huyu bwana harusi anang'aa kupita kiasi. Rudi nyumbani, nami nataka wajukuu wazima.

Mama yako

16 Machi

Mama,

Shikamoo tena. Nilicheka, halafu nikalia kweli. Mume wangu anatengeneza cha kuinasa mionzi, Mama! Mfuga paka hageuki panya. Ataleta kifaa nyumbani, upime mwenyewe: shuka, viatu, hata yale masharubu yake mazuri. Kikilia hata mara moja, nafunga virago na kurudi nawe. Naapa.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama kutoka kwenu, goti linakusalimu. Shangazi yako asijue kitu, nakuomba.

Shuka, kimya. Viatu, kimya. Masharubu, kimya. Nilipokivuta kifaa kifuani pangu kikalia kama mtoto mwenye njaa, nami nikapiga kelele, "Funga virago!" Wewe ukaanza kulia. Mkwe wangu peke yake ndiye aliyeuliza kwa upole, "Mama, leo umetokea wapi?"

Hospitali. Nilipitia huko asubuhi ile, wakanidunga dawa ya mionzi ili mifupa ionekane kwenye picha. Daktari alisema itaisha mwilini baada ya muda mfupi. Mimi nilidhani sindano ni sindano tu!

Virago vyako vifungue. Nitakayefunga ni mimi, nije nikae mwezi mzima.

Maana sikutaka akukumbatie, mwanangu. Yeye alinikumbatia mimi, huku kifaa bado kinalia.

Mama yenu