Kibuyu Kwenye Gari la Harusi

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kitengela sote ni wazima, na mbuzi wako amezaa. Unauliza kwa nini, kwenye picha ya harusi, mama yako anatembea ilhali alikodishiwa gari. Lilikuwa gari la zamani, la paa la chuma linalojikunja na kuingia kwenye buti. Humo nilikuwa nimeweka kibuyu cha marehemu mama yangu, kitu pekee tulichotoka nacho kwetu.

“Mzee, toa hiyo takataka, paa halina nafasi!” mwenye gari akafoka.

Takataka! Hadi leo damu inanichemka.

Mama yako alishuka, akakikumbatia kibuyu. “Basi bebana na paa lako,” akamwambia. Akaelekea kanisani kwa miguu, na wageni wote wakashuka magarini wakamfuata.

Babu yako