Masale Yaliyong'olewa Kilema

Mjukuu wangu Neema,

Kambi ya likizo ya kilimo hapa Kilema inaanza Jumatatu na jina lako limo; mama yako alinithibitishia jana kwa simu. Bibi yako hajambo, na ng'ombe amezaa. Umeuliza: ukiharibu shamba la watu, watakufukuza?

Nilikuwa mwandishi kijana wa gazeti, miaka ile watu walipoanza kung'oa kahawa na kupanda nyanya, nilipokwenda kuandika habari za kambi kama hiyo. Zuhura, mtoto wa Moshi mjini, alipewa kazi ya kupalilia migomba. Aling'oa na masale, akidhani ni magugu. Kumbe ndiyo yaliyoonyesha mpaka na shamba la jirani, Mzee Aloisi.

Mzee akaja juu. "Mmenifutia mpaka! Kambi yenu iishe leo!"

Mama Felista, msimamizi wa watoto, akamnong'oneza Zuhura ampelekee mzee sale. Huku kwetu anayeomba msamaha hupeleka jani la mmea huohuo, na anayepelekewa hakatai. Zuhura akabeba mche mzima, udongo ukidondoka.

"Shikamoo babu. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Mbona msamaha wako una mizizi?" Mzee akacheka mpaka akashika mgomba. "Haya, kachukue jembe. Nitakuonyesha mpaka unapopita."

Bado najiuliza ni nani aliyeupa mmea mmoja kazi zote mbili.

Palizi yenu ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mwalimu wenu ni Zuhura.

Babu yako