Maziwa ya Seni

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimewaficha wanangu ugonjwa wangu. Wao wanajua vidonda vya tumbo. Ni kansa — imeanzia kwenye tezi za ukuta wa tumbo. Mimi, mwalimu mstaafu wa baiolojia! Mwezi wa pili, kule Mbeya, daktari alisema haijasambaa: dripu za dawa kwanza, kisha upasuaji, nafasi ya kupona ipo, nisichelewe. Nikarudi Madibira, nikanyamaza. Niliogopa kisu.

Jumatano, 4 Juni
Mbeya tena, peke yangu. Nyumbani niliaga nafuatilia pensheni. Imefika kwenye ini. Nikaulizia ule upasuaji. Hausaidii tena, akasema daktari. Dawa zitapunguza kasi na maumivu, labda ziniongezee miezi. Kuponya — hapana. "Ungerudi mapema, Mwalimu." Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea.

Ijumaa, 6 Juni
Yusta, binti yangu, kafika kutoka Iringa, Mlandege. Kuniona tu, kilio. Suruali nafungia kamba. Kaka yake, Timotheo, anasema vidonda gani vya kumkausha mtu hivi, baba kalishwa kitu! Jina la Seni limetajwa, jirani yetu mfugaji, Msukuma. Kila jioni nakunywa maziwa mgando kwake. "Kunywa, Mhehe, leo mbwa tumekosa!" Ndivyo anavyonitania, eti Wahehe tunakula mbwa. Mgando huo ndicho kitu pekee ninachomeza kisirudi.

Jumamosi, 7 Juni
Seni kaja na kibuyu. Timotheo kakipokea, kamwaga maziwa yote miguuni pa Seni. Seni akanitazama. Nikageukia ukuta.

Jumapili, 8 Juni
Tangu ibada ilipokwisha vijana wamejaa uani. Mapanga! Seni ahame leo, la sivyo wanachoma boma. Nikamwita Timotheo, nikasema yote: kansa, vipimo vya Mbeya, Seni hana kosa. Akanishika bega kama mtoto. "Baba, huyo anakutisha. Usimwogope." Yusta akauliza, mbona juzi hukusema hivyo?

Vijana wameshaondoka kwenda kwa Seni. Simu ya Seni inaita tu. Wanawe wako kule! Nimejaribu kuwafuata — miguu imegoma, Yusta kanirudisha kitandani. Huko bomani ng'ombe wanalia.

Juzi Yusta alianza kuniuliza hospitali walisema nini. Nikamwahi kabla hajamaliza. Jina la Seni nililitaja mimi.