Kibao Ulichompa Evodi

Ta Kakuru, fundi wangu,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia nikiwa na hasira, afadhali ujue mapema. Nyumbani kwako Rugera hawajambo. Mkeo, Ma Stela, anapalilia migomba, na ile ya karibu na kaburi lako imeinamisha mikungu. Hilo nimekwambia kwa adabu tu. Kilichonileta ni kibao.

Kile kibao chako cha kusawazishia nyasi, kilicholika kwa kiganja chako. Siku ile wodini Nyakahanga ulikitoa chini ya mto, mbele ya macho yangu, ukampa Evodi. Mimi ukaniambia, "Projesti, wewe kaa ndani." Basi. Nilitoka nje nikalia, na wala sikuwa nakulilia wewe.

Nani alianza kazi kwako, Ta? Tulipopewa kuuezeka upya msonge wa mkama, mfalme wetu wa zamani, nani alibeba nyasi kichwani kutoka bondeni? Evodi kaja baadaye, kaacha bodaboda yake Omurushaka, na kabla hajajua kufunga fundo ukampandisha juu. Juu! Yeye anachoma sindano ya mwanzi kutoka nje, wageni wanampiga picha. Mimi niko ndani gizani, masizi machoni, naipokea sindano ikipenya, nazungusha kamba kwenye fito, namrudishia. Watoto wa shule wakija wanamnyooshea kidole yeye: "Fundi yule!" Aliye juu mngoje chini, nilijiambia. Nikangoja, jamani, na mwenzangu hashuki.

Ulipofariki nikaapa simpokelei tena sindano. Nikakaa kwangu na jembe langu. Kilele cha msonge kikabaki wazi, na mvua za vuli ndizo hizo zinanukia. Wakasema Projesti ana roho ya kwa nini. Ninayo, sikatai.

Jumamosi Evodi akaja shambani. Kibao kakining'iniza kiunoni ili nikione, haki ya Mungu. Nikamwambia amweke binamu yake ndani. Akasema ameshamweka. Eti binamu alifunga kamba kwenye nyasi tupu badala ya fito, bunda likateleza chini ya mguu wa Evodi, nusura aje chini mzima mzima. Nikataka kucheka. Halafu akasema, bila yale majigambo yake, "Mimi huko ndani sikuwahi kukaa. Kila nikimwomba mzee, ananiambia pale pana watu."

Pana watu. Mimi na nani?

Mimi na wewe, Ta. Wewe uliyekaa mle ndani kwenye jukwaa la miti, ubavuni mwangu, ukinitilia kahawa za kutafuna kiganjani, ukinishika kidole gizani na kukiweka kwenye fito: "Hapa, siyo pale." Juu kwa Evodi ulikuwa ukipiga kelele tu kutoka chini, apigepige nyasi zikae sawa. Ubavuni mwake hukukaa hata siku moja. Kumbe naye ana wivu! Mwenye pikipiki, mwenye picha, mwenye kibao, ananionea wivu mimi mla masizi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikamkaribisha ndizi.

Leo nimeingia. Gunia ulilokuwa unakalia bado liko jukwaani, limejaa vumbi la nyasi. Sikulikalia. Nilikaa pale pangu, nikasikia miguu ya Evodi juu yangu, na sindano ikapenya. Nikazungusha kamba, nikapapasa fito, nikakaza, nikairudisha. Kisha, bila kufikiri, nikanyoosha kiganja upande wako nipewe kahawa.

Kiganja kikakaa hapo, kitupu. Evodi akaita mara mbili kutoka juu, "Projesti, vipi?" Safari hii nilikuwa nakulilia wewe.

Paa tutalifunga kabla ya mvua, nakuahidi. Na Evodi hataanguka kwa uzembe wa mkono wangu, hilo nalo nakuahidi, ingawa ananichosha. Ila kibao bado nakitaka, Ta. Siku tukionana nitakuuliza, na usijaribu kuninyamazisha kwa kahawa.

Lala salama. Gunia lako sitaruhusu mtu alikalie.

Mimi, wa ndani,
Projesti